Ukuta wa Matofali Uliotoa Tumbo: Namna ya Kuupima, Kuufunga na Kuujenga Upya

Ukuta wa zamani hautoi tumbo kwa sababu ya uzee. Hutoa tumbo kwa kuwa kuna kitu ndani yake kimeachia, na kuna kitu kingine kinausukuma. Fundi anayeziba nyufa kwa saruji na kupiga lipu juu ya tumbo hajagusa lolote kati ya hayo mawili. Ameficha dalili tu, na mara nyingi ameyafungia maji ndani. Ndiyo maana nusu ya kazi hii ni kuchunguza na kupima kabla ya kutoa tofali hata moja.

Maganda mawili yanayojifanya ukuta mmoja

Ukuta mnene wa matofali, wa milimita 215 hadi 330, si kipande kimoja. Ni maganda mawili au matatu yaliyosimama bega kwa bega, yakishikwa na matofali ya vichwa, yaani yale yaliyolazwa kukatiza unene wa ukuta. Ganda la nje mara nyingi lilijengwa kwa matofali mazuri na maungio membamba, la ndani kwa matofali duni na mota nene, yaani mchanganyiko wa chokaa au saruji na mchanga unaoshika matofali. Mota nene hujibana zaidi inapobeba mzigo, kwa hiyo ganda la ndani hushuka kuliko la nje na matofali ya vichwa hukatika katikati. Katika majengo mengine matofali hayo hayakuwahi kufika ndani kabisa: wajenzi waliyakata nusu ili kuokoa matofali mazuri ya uso. Kutoka nje unaona mpangilio uliofungwa vizuri, kumbe hakuna kilichofungwa.

Maganda yakishaachana, nguvu ya ukuta hushuka kuliko mtu anavyodhani. Ugumu wa ukuta dhidi ya kupinda hufuata unene wake kwa kipeo cha tatu. Ganda lenye nusu ya unene lina sehemu moja tu ya nane ya ugumu wa ukuta mzima, na maganda mawili yasiyoshikana kwa pamoja yana robo. Ukuta unaonekana mnene vilevile, lakini robo tatu ya ugumu wake imekwenda.

Aina ya pili ya tumbo ni pale ukuta mzima, ganda la ndani na la nje, umetoka pamoja kwa kuwa sakafu au paa vimeacha kuushika. Tiba za aina hizi mbili hazifanani. Kufunga boriti za sakafu kwenye ukuta ambao maganda yake yameachana kunashika ganda la ndani na kuliacha la nje lianguke peke yake. Na kulishona ganda la nje kwenye la ndani, wakati yote mawili yanakwenda nje pamoja, hakuzuii kitu.

Kuzitofautisha, anzia ndani ya chumba. Simamisha ubao ulionyooka wa mita 2 pamoja na pimamaji kwenye uso wa ndani, mahali panapolingana na tumbo la nje. Kama ndani pamenyooka na nje pametoka milimita 40, milimita hizo 40 ni uwazi ulio katikati ya ukuta. Kama ndani pia pamepinda kuelekea nje, kagua sakafu: pengo jipya kati ya mbao na ukuta, au dari iliyochanika sambamba na ukuta, ni ushahidi kwamba ukuta umeiacha sakafu nyuma.

Kisha gonga nje kwa mpini wa nyundo. Tofali lililoshikana hutoa sauti kavu na fupi, lililoachana hulia kama debe tupu. Zungushia chaki eneo lote linalolia hivyo. Karibu kila mara ni kubwa kuliko tumbo linaloonekana kwa macho. Sauti peke yake isikuridhishe. Toboa tundu la milimita 10 hadi 12 kwenye ungio, drili ikizunguka tu bila kupiga, ukiwa umezungushia ncha utepe wa kuonyesha kina. Ncha ikiruka mbele ghafla, umefika kwenye uwazi. Ingiza waya wenye kulabu ndogo mwishoni, uvute mpaka unase nyuma ya ganda la nje, na utajua unene wa ganda na upana wa uwazi. Mwisho toa matofali mawili mahali penye tumbo kubwa na utazame kwa tochi. Vifusi vilivyorundikana chini ya uwazi, mbao zilizooza, chuma chenye kutu: mambo haya huonekana hapo na si kwingine.

Kinachosukuma

Kwanza tafuta maji. Mfereji wa paa uliotoboka, bomba la kushushia maji lililopasuka upande wa ukutani usioonekana, na vifuniko vya juu ya ukuta wa paa vilivyofunguka maungio, vyote huingiza maji katikati ya ukuta. Huko maji huosha chokaa hadi ibaki mchanga mtupu, huozesha mbao, na penye baridi ya kugandisha huvimba na kuyapanua maganda kidogo kila msimu. Kagua wakati mvua inanyesha, si baada ya hapo. Angalia pia maungio yaliyozibwa kwa saruji juu ya mota ya chokaa. Saruji ni ngumu na haipumui. Maji huingia kwenye nyufa nyembamba pembeni mwake, na hayapati njia ya kutoka.

Mbao zilizozikwa ukutani ndizo zinazosahaulika kuliko zote. Wajenzi wa zamani walilaza mbao ndefu ndani ya ganda la ndani ili zifunge ukuta na zipate kupigiwa misumari. Ubao ukioza, ganda la ndani hukalia pengo, hushuka, na mzigo wote huhamia ganda la nje, nalo hupinda. Tumbo refu la mlalo, lenye mstari karibu ulionyooka, ndilo dalili yake. Linta za mbao, yaani mihimili ya juu ya milango na madirisha, zikiwa nyuma ya tao la dirisha huleta shida hiyohiyo kwa udogo.

Chuma kikishika kutu huchukua nafasi mara kadhaa ya ile ya awali, na hakuna mota inayoweza kukizuia. Katika kuta za maganda mawili zenye uwazi uliokusudiwa, nyufa za mlalo zinazojirudia kila milimita 450 hivi, yaani kila kozi (mstari wa matofali) ya sita, ni vishikizo vya chuma vinavyotanuka ndani ya maungio.

Mahali tumbo lilipo nako kunasema. Likiwa juu, chini kidogo ya paa, shuku kenchi zinazosukuma: huenda mtu alikata boriti ya kufungia kenchi ili apate chumba cha darini. Likiwa kwenye ngazi, au upande ambao boriti za sakafu zinakwenda sambamba na ukuta badala ya kuuingia, ni kwamba hakuna sakafu inayoushika ukuta kwa ghorofa mbili mfululizo. Likiwa kwenye bomba la moshi, chumvi za masizi zilizolowana zimeivimbisha mota, hasa kama ina saruji. Na ukiona nyufa za ngazi zinazopanda kwa mshazari kutoka chini, tatizo liko kwenye msingi, na hakuna kazi ya juu itakayodumu kabla msingi haujashughulikiwa.

Kupima

Juu ya ukuta funga ubao uliotokeza nje milimita 150 na uning'inize timazi nzito. Izamishe kwenye ndoo ya maji ili upepo usiiyumbishe. Pima umbali kutoka uzi hadi uso wa tofali kila milimita 300 kwa wima, kisha hamisha uzi mita 1 na urudie, mpaka uwe umevuka tumbo na kufika kwenye ukuta ulionyooka pande zote mbili. Andika kila kipimo. Chora kwenye karatasi ya miraba, milimita za kutoka nje zikiwa zimekuzwa mara kumi, na umbo lote litaonekana: mahali linapoanzia, kilele chake kiko wapi, na kama kilele kiko kwenye usawa wa sakafu au kati ya sakafu mbili.

Kwenye kila ufa bandika vichwa vitatu vidogo vya misumari kwa gundi, viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili, kwa umbo la pembetatu, upime masafa yake kwa kalipa, kifaa cha kupimia umbali mdogo. Kalipa ya kawaida hukupa hadi sehemu ya kumi ya milimita. Rudia kila mwezi kwa mwaka mzima kama ukuta si wa hatari. Mwaka ni mrefu, lakini kuta hupumua kwa joto na unyevu wa misimu, na vipimo vya wiki sita vinaweza kukuonyesha mwendo ambao ungejirudisha wenyewe.

Sasa amua. Tumbo lisilozidi milimita 10 ndani ya kimo cha ghorofa moja, kwenye ukuta ambao haujatoka kwenye timazi zaidi ya milimita 25 kwa jumla, kwa kawaida halihitaji kazi ya kimuundo: tibu maji, jaza maungio, endelea kupima. Zaidi ya hapo tumia kanuni ya theluthi ya kati. Mzigo ukishuka ndani ya theluthi ya katikati ya unene, ukuta wote unabanwa. Ukitoka nje ya hapo, upande mmoja unaanza kuvutwa, na mota ya zamani haina uwezo wowote dhidi ya kuvutwa. Kwa ukuta wa milimita 225 uliobaki kitu kimoja, mzigo unaruhusiwa kuhama milimita 37 tu kutoka katikati. Kwa ganda la milimita 102 lililoachana, ni milimita 17. Ndiyo sababu tumbo la milimita 30 linaweza kuwa jambo la kuangaliwa kwenye ukuta mmoja na jambo la dharura kwenye ukuta wa jirani.

Ufa wenye kingo safi, zisizo na vumbi wala kuvu, ni mpya. Unga unaomwagika kwenye maungio, milango iliyoanza kukwama ghafla, au vipimo vinavyobadilika ndani ya siku chache, maana yake watu watoke, na eneo la nje lifungwe kwa upana usiopungua kimo cha ukuta. Hapo aitwe mhandisi wa miundo siku hiyohiyo. Mhandisi anahitajika pia pale ukuta unapobeba sakafu au paa, unapozidi ghorofa moja, au tumbo linapokaribia pembe ya jengo. Majengo mengi ya zamani yako chini ya ulinzi wa kisheria, kwa hiyo kibali kitafutwe kabla ya kuanza.

Miega

Miega ya mshazari, yaani nguzo za kuuegemeza ukuta, huwekwa kwa pembe ya nyuzi 60 hadi 75 kutoka ardhini, aghalabu kila mita 2.5 hadi 3, kichwa chake kikiegemea ubao mnene wa wima uliofungwa ukutani. Kichwa cha mwega kilenge usawa wa sakafu, ili msukumo wake upokewe na sakafu kwa upande wa ndani. Kosa linaloonekana sana ni kuegemeza mwega kwenye kilele cha tumbo. Pale nyuma pana uwazi, na mwega unalivunja ganda badala ya kulishika. Chini weka bamba la mbao pana juu ya ardhi ngumu, na ukaze kabari kwa mkono na nyundo nyepesi mpaka mwega uanze kubeba, usiendelee.

Usijaribu kulirudisha tumbo ndani kwa jeki. Wakati maganda yalipokuwa yakiachana, vifusi vilidondoka na kujaza uwazi, kwa hiyo tofali halina pa kurudi. Ukilisukuma unalivunja, au unalihamishia tumbo upande wa ndani.

Kushona ganda la nje

Tumbo likiwa dogo, matofali yakiwa mazima na chanzo cha maji kimeondolewa, ganda la nje linaweza kubaki lilivyo na kushonwa kwenye la ndani. Litabaki na umbo la tumbo, na hilo si kasoro. Ukuta uliotulia ukiwa umepinda ni bora kuliko uliobomolewa bila sababu.

Tumia vishikizo vya msokoto vya chuma kisichoshika kutu, vya milimita 8, au nondo za chuma hichohicho zinazozamishwa kwenye grauti, yaani mota nyepesi inayomiminika. Chuma cha kawaida, hata kilichopakwa rangi, kinarudisha tatizo la kutu ukutani. Katika kuta za maganda mawili zenye uwazi uliokusudiwa kipimo kinachofuatwa sana ni milimita 900 kwa mlalo na 450 kwa wima, yaani vishikizo 2.5 kwa kila mita ya mraba, na kando ya milango na madirisha kila milimita 300 kwa wima, visizidi milimita 225 kutoka ukingoni. Kwa ukuta mnene uliopasuka katikati vishikizo hivyo ni vichache mno. Milimita 450 kwa 450, karibu vitano kwa mita ya mraba, ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo na mhandisi.

Anzia pembeni mwa eneo la chaki, ambako ukuta bado ni mzima, uelekee katikati. Toboa bila kupiga, tundu likiinama kidogo kuelekea nje ili maji yasitembee juu ya chuma kwenda ndani. Kishikizo kizame angalau milimita 75 ndani ya tofali zima la ganda la ndani. Kikiishia kwenye mota iliyooza hakishiki kitu. Pulizia vumbi litoke kuanzia mwisho wa tundu, kwa kuwa gundi na grauti hushika vumbi badala ya tofali, na hii ndiyo sababu kubwa ya vishikizo kuchomoka. Jaza kuanzia ndani ukirudi nje. Kabla ya kufunga vyote, vuta vichache kwa kifaa cha kupimia nguvu ya kuchomoka. Matofali ya zamani hutofautiana sana hata ndani ya ukuta mmoja. Ncha ya kishikizo iishie milimita 15 ndani ya uso, tundu lizibwe kwa mota ya chokaa iliyochanganywa na unga wa tofali lenye rangi ileile.

Vishikizo vikishakaza, uwazi wa katikati wa ukuta mnene unaweza kujazwa grauti ya chokaa. Hapa ndipo kuta nzuri huangushwa na watu wenye nia njema. Grauti mbichi ni kimiminika kizito: safu ya mita 1 inasukuma chini yake kwa karibu tani 1.8 kwa kila mita ya mraba. Ganda lililolegea halihimili msukumo huo. Jaza kwa safu za milimita 300 hadi 500, kuanzia chini, kwa uzito wa grauti yenyewe au pampu ya mkono, na subiri safu ishike hadi kesho yake. Loanisha uwazi kwanza, ziba maungio ya nje kwa muda, na mtu mmoja akae nje akiangalia timazi muda wote. Katika kuta za maganda mawili zenye uwazi uliokusudiwa, usijaze chochote. Uwazi ule ndio unaozuia mvua isifike ndani.

Kurudisha ukuta kwenye sakafu

Pale ukuta mzima ulipotoka, dawa ni kuufunga kwenye sakafu na paa. Boriti zikienda sambamba na ukuta, funga mikanda ya chuma ya milimita 30 kwa 5, isiyopishana zaidi ya mita 2, kila mmoja ukivuka boriti tatu au zaidi. Kati ya boriti hizo, chini ya mkanda, ingiza vipande vya mbao vilivyobana kabisa, vyenye unene usiopungua milimita 38 na kimo kisichopungua nusu ya boriti. Pengo kati ya boriti ya mwisho na ukuta lijazwe pia. Bila vipande hivyo mkanda unaikunja boriti ya kwanza tu. Boriti zikiingia ukutani, kagua ncha zake kwa kuzichoma na bisibisi. Bamba kubwa la nje lililofungwa kwenye boriti iliyooza ni pambo.

Nje, nondo ya milimita 16 hadi 20 hupita kwenye ukuta na kushikwa na bamba la kipenyo cha milimita 300 hivi, liwe la duara au la umbo la msalaba, lililolazwa juu ya mota ili ligusane na matofali mengi. Kaza nati kwa spana ya mkono mpaka bamba lisicheze, kisha acha. Kuna mfano wa kale wa kuvuta kuta: mwanzoni mwa karne ya 19 huko Paris, mhandisi Mfaransa Molard alinyoosha kuta za jengo la Conservatoire des Arts et Métiers kwa kupasha moto nondo za chuma, kukaza nati zikiwa zimerefuka, na kuziacha zipoe. Hesabu yake ni sahihi: nondo ya mita 6 ikipashwa nyuzi 50 hurefuka milimita 3.6, na ikipoa huvuta kwa nguvu kubwa sana. Kwa ukuta ambao maganda yake yameachana, nguvu hiyo inapasua.

Kubomoa na kujenga upya

Matofali yakiwa yamepasuka, mota imekuwa unga, au ganda limetoka kupita kiasi cha kushonwa, sehemu hiyo ijengwe upya. Piga picha za uso wote zikiwa na rula ndani, na uhesabu kozi. Weka mipaka milimita 225 nje ya eneo linalolia debe. Ndani, egemeza boriti zote za sakafu na linta zinazokalia sehemu hiyo.

Tumbo likifika juu ya ukuta, bomoa kutoka juu kushuka, kozi kwa kozi. Likiwa katikati, fanya kwa vipande visivyozidi mita 1 kwa upana, ukiruka: bomoa na ujenge kimoja, kiache kikaze, kisha nenda kwenye kingine kisichopakana nacho. Matofali mazima juu ya uwazi mdogo hujitengenezea tao yenyewe na kubaki pembetatu tu ya kushikwa. Mota ikiwa unga tao hilo halipo, na ukuta wa juu ubebwe kwa mihimili inayopenya ukutani.

Mota ya chokaa hubanduka kwa tindo pana na matofali hutumika tena. Yale yaliyoganda saruji mara nyingi huvunjika. Lolote linalomeguka kwa kucha litupwe. Kwa matofali ya milimita 215 kwa 102.5 kwa 65 na maungio ya milimita 10, ganda la nusu tofali linahitaji 60 kwa mita ya mraba, na mota lita 25 hadi 30. Matofali ya zamani yana vipimo vyake, kwa hiyo panga kumi kwa mstari, chukua wastani, na upige hesabu upya. Tofauti ya milimita 3 kwa kila kozi inakuwa milimita 60 baada ya kozi 20, na matofali mapya hayatakutana na ya zamani pembeni.

Mota iwe dhaifu kuliko tofali. Hilo si jambo la ladha: ukuta utasogea tu, na ni bora ufa uwe kwenye mota inayojazwa tena kuliko kwenye tofali. Sehemu 1 ya chokaa haidroliki, yaani inayoganda hata penye maji, ya nguvu ya kati, ile inayouzwa kama NHL 3.5, kwa sehemu 2.5 hadi 3 za mchanga mkali ulioshwa, hutosha kwa kuta nyingi za nje. Kupata uwiano sahihi, jaza chombo cha lita 1 kwa mchanga mkavu na umimine maji yaliyopimwa mpaka yafike juu. Maji yaliyoingia ndiyo nafasi ambayo chokaa inapaswa kuijaza. Mililita 330 ni uwiano wa 1 kwa 3. Mililita 400 ni 1 kwa 2.5. Pima kwa ndoo, kamwe si kwa sepetu. Usiongeze saruji "kidogo tu ili ishike haraka".

Loanisha matofali na ukuta wa nyuma mpaka viache kunyonya kwa pupa lakini visichuruzike. Jenga matofali ya vichwa halisi yanayoingia ganda la ndani, kwa mpangilio uleule wa zamani. Pale ganda la ndani lisipoweza kuchimbwa, weka vishikizo kila milimita 450 kwenye maungio. Nafasi ya nyuma ijazwe mota kila kozi, si kumwagiwa mwishoni. Pembeni, yafumanishe matofali mapya na ya zamani kozi kwa kozi. Mstari wa wima ulionyooka ni ufa uliokwisha kutengenezwa. Usipande zaidi ya mita 1 kwa siku, na mota ikiwa laini bado, kozi sita zinatosha.

Ungio la juu kabisa, chini ya ukuta wa zamani, ndilo linaloamua kama kazi inabeba mzigo. Liache wazi siku kadhaa, kazi mpya ishuke kwanza. Kisha ligongee vipande vya jiwe bamba vikiwa vimebana, kila milimita 200 hivi, na ushindilie mota karibu kavu, inayoshikana tu ukiifinya kiganjani. Likijazwa siku ileile kwa mota laini, mota hujibana, mzigo hauingii, na ukuta wa juu hushuka kuufuata.

Maungio mengine chimba hadi kina cha mara mbili ya upana wake, kisipungue milimita 20, kwa tindo na nyundo. Mashine ya kukata hula kingo za matofali na hazirudi. Yasafishe, loanisha, jaza kwa nguvu, na mota ikianza kukaza ipige kwa brashi ngumu. Funika kazi kwa magunia yaliyolowana kwa wiki moja au zaidi, mbali na jua kali, upepo na mvua, na usifanye kazi ya chokaa chini ya nyuzi joto 5 za Selsiasi. Usipake dawa ya kuzuia maji wala rangi ya plastiki juu yake. Vumbi la matofali ni hatari kwa mapafu, kwa hiyo lowesha unapokata na vaa barakoa ya chembe ndogo, si kitambaa.

Miega itolewe kidogo kidogo, kabari zikilegezwa kwa zamu kwa siku mbili au tatu huku timazi ikiangaliwa. Acha alama za vipimo ukutani na upime tena baada ya mwezi 1, miezi 3, 6 na 12. Mwendo wa sehemu chache za kumi za milimita unaokwenda na kurudi na misimu ni wa kawaida. Mwendo unaoelekea upande mmoja tu, hata ukiwa mdogo, unamaanisha kuna kinachosukuma ambacho hakijapatikana, na pa kuanzia ni kwenye mfereji wa paa, siku ya mvua.